Pasipoti ya Tusekile: Kikohozi Mlangoni

Mkono ule, msomaji. Mkono ule ndio uliomponza.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sukari nyumbani kwako kabla hujalisoma, usijali, nitakurudisha njiani upesi. Tusekile, mfinyanzi wa vyungu kutoka Lyulilo aliyeolewa Ipyana, yuko boma la Tukuyu anaomba pasipoti. Mumewe Raphaeli, mtoto wa pekee wa baba yake, anaumwa kifua huko Rhodesia ya Kaskazini kwenye migodi ya shaba, naye amemwita mkewe aende. Lakini enzi hizo za Mwingereza karani hapokei maombi ya mwanamke mpaka mumewe, au baba wa mumewe, aje aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali.

Mume yuko mbali. Baba mkwe alikataa. Basi Tusekile amekuja na baba mkwe wa kuazima.

Ndiyo, wa kuazima. Mzee Asajile wa Ipinda, mfukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga, mtu mwenye maneno mengi na kazi chache. Mpango aliupanga Mikidadi mwenye duka, malipo ni vyungu vikubwa vya kupikia pombe, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwenye ngazi za boma. Pale mzee akakosea kukanyaga, na Tusekile, kwa huruma tu, akamdaka mkono, akamwinua, akamtazama usoni na kumuuliza kama ameumia.

Tarishi akaona. Na tarishi yule alikuwa Mnyakyusa.

"Bwana karani," alisema tarishi Anyitike, "huyu mama amemshika mkwewe mkono."

Karani Ambrose hakuinua kichwa. Alikuwa mtu wa Songea, mwenye miwani, na baridi ya Tukuyu ilikuwa imempa mafua yasiyokwisha. "Kwani kumshika ni kosa gani? Mzee alikuwa anaanguka."

"Kwenu si kosa. Kwetu, bwana, mkamwana atamwacha mkwewe avunjike shingo, halafu akimbie kuita watu. Hamshiki. Hamtazami. Mke wangu amenizalia watoto wote wale, na mpaka leo hajaiona pua ya baba yangu."

Ambrose akaweka kalamu chini.

Msomaji, usidhani tarishi alikuwa anatia chumvi. Mwanamke aliyeolewa kule hatazamani na baba wa mumewe. Akimsikia njiani anaingia majanini, anajifunika, anampa mgongo mpaka apite. Jina lake halitaji hata akiwa usingizini. Tusekile alikuwa ameishi miaka mingi kwenye boma la mkwewe, akimpikia, akimfinyangia vyungu, na kama mzee yule angekaa karibu naye sokoni, asingemjua kwa sura. Liweke hilo moyoni, maana tutalihitaji sasa hivi.

"Sisi tumebatizwa, bwana," Asajile aliingilia haraka. "Mambo ya kukimbiana majanini tumewaachia wapagani."

"Hata mimi nimebatizwa," Anyitike alijibu. "Mkamwana wa mzee wetu wa kanisa, mkwewe akiingia ibadani, anajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Ubatizo gani huo wa kwenu?"

Karani alimgeukia Tusekile. "Mama, huyu ni baba wa mume wako?"

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

Tusekile akafungua mdomo, jina likagoma kutoka. Hakuwa anaigiza. Miaka yote ile alikuwa amelizunguka jina lile kwa mbali, na sasa ulimi ulikataa kulisogelea.

"Hapo sasa amefanya sawasawa," Anyitike alikiri, akijikuna shingo. "Jina halitajwi."

"Naitwa Ambilikile," akasema Asajile kwa sauti kubwa, na kifua mbele.

Mimi msimulizi si mkamwana wa mtu, kwa hiyo naweza kukwambia kuwa Ambilikile ndilo jina la baba mkwe wa kweli. Lakini Tusekile alipolisikia likitoka kwenye mdomo wa mfukuza ndege, tena mdomo uliokuwa bado unanuka pombe ya jana, alijisikia mchafu mwili mzima. Ni yeye aliyelitoa jina lile ndani ya nyumba. Alimfundisha Mikidadi kwa kumwonyesha mtu mwingine mwenye jina hilohilo, ili asilitamke, kana kwamba ujanja ule ungempunguzia dhambi.

Ambrose alipenga kamasi, akakunja leso.

"Jambo moja linaniambia ndiye, jingine linaniambia siye," alisema. "Mimi siwezi kupeleka maombi Dar es Salaam na mashaka kichwani. Anyitike, toka nje. Kwenye mabenchi pale kuna watu wa pande za ziwani. Mlete mmoja anayemjua mzee huyu. Akisema ndiye, natia muhuri. Akisema siye, gereza si mbali, mnaliona hapo dirishani."

Tarishi akatoka. Asajile akasogeza kichwa karibu na Tusekile.

"Mama," alinong'ona, "mimi nilikubali vyungu. Sikukubali gereza."

"Nyamaza, Tata, baba yangu. Nakuomba."

"Nitasema ukweli mimi. Nitasema mlinilewesha."

Tusekile alikuwa anatazama picha yake juu ya meza, ile aliyopigwa na Mhindi karibu na soko, kanga imekazwa, macho yametolewa kwa woga wa mashine. Alijiuliza ni mwanamke gani yule. Mwanamke aliyemuaga mama mkwe kwa kumwambia anakwenda Tukuyu kuuza vyungu. Aliyeacha mtoto wake Elizabeth mgongoni mwa bibi yake, na bibi akamwombea safari njema.

Na alimkumbuka yeye, mzee mwenyewe.

Siku alipokataa, alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, na mama mkwe amekaa katikati kupokea maneno na kuyapeleka. "Mwambie," sauti ilisema, "huyu ndiye kamba pekee iliyobaki mkononi mwangu. Wangapi wamekwenda kwenye shaba na hawakurudi? Raphaeli atarudi kwa sababu mkewe yuko hapa. Mke akimfuata, mimi nitabaki na nini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba. Tusekile aliondoka pale na hasira, na hasira ile ndiyo iliyomfikisha kwa Mikidadi.

Lakini hasira haikufuta mengine. Mwaka ule mtoto wake wa kwanza alipokufa, nani aliyefunga ng'ombe wake wa maziwa mlangoni kwa Tusekile alfajiri na kuondoka kimya? Nani aliyekuwa akikohoa kwa makusudi kwenye kona ya njia, mapema, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha bila kukurupuka na mzigo kichwani? Wazee wengine wanafurahia kuwaona wakamwana wakiangusha mitungi kwa kukimbia. Huyu hakuwa wa namna hiyo. Huyu alikohoa.

Nje, sauti ya Anyitike ilisikika: "Nani hapa anatoka Ipyana?"

Kimya.

"Ipyana, jamani. Hata jirani yake."

Kimya tena. Asajile alianza kupumua. Tusekile pia.

Kisha mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, halafu kikavutwa mwishoni, kikohozi cha mtu asiyeumwa kitu. Tusekile angekitambua katikati ya mnada wa ng'ombe. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Mkono ukapanda kichwani kuvuta kanga. Mwili wake ulikuwa unafanya kile ulichokifanya kila siku kwenye kona ya njia ya Ipyana, bila kumuuliza mwenyewe.

"Mimi natoka Ipyana," sauti ilisema barazani.

Alikuwa yeye.

Sasa tazama mtego, msomaji. Anyitike amesimama mlangoni na macho yake makali. Tusekile akijifunika mbele ya mtu huyu anayeingia, wakati kwa huyu aliyesimama ubavuni mwake hajafunika hata kidole, tarishi hatahitaji ushahidi mwingine. Akibaki wima na uso wazi, atakuwa amemvunjia heshima baba wa mumewe mbele ya watu, aibu ambayo hata wehu huiogopa.

Mkono wake ukakaa hewani.

Kisha akaushusha.

Alisimama wima, kichwa kitupu, macho ameyakaza kwenye kidau cha wino, na moyoni akasema, Kyala, Mungu wangu, nisamehe, maana mzee huyu hawezi kunisamehe. Aliona miguu tu ikipita. Miguu mipana yenye matope ya tambarare, na pindo la koti kuukuu la jeshi lililofungwa vifungo mpaka chini. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuiona miguu ile ikimkaribia, naye asikimbie.

"Karibu, mzee," alisema Ambrose. "Unamjua huyu?"

Alimwonyesha Asajile kwa kalamu. Jasho lilikuwa linamtoka mfukuza ndege yule kwenye baridi ya Tukuyu.

Ambilikile alimtazama mtu aliyeiba jina lake, kuanzia kofia mpaka viatu, ambavyo vilikuwa vya kuazima navyo.

"Namjua," alisema.

"Ni nani?"

"Ni baba wa Raphaeli."

Asajile akakohoa kwa mshangao, akakigeuza kile kikohozi kuwa chafya. Tusekile alishika ukingo wa meza.

"Na wewe ni nani?" karani aliuliza.

"Jirani yake."

"Jirani ana jina."

"Asajile," alisema Ambilikile. "Naitwa Asajile. Nafukuza ndege kwenye mpunga."

Hapo ndipo wote wawili walipoelewa, Asajile wa kweli na Tusekile pia, kwamba mzee huyu hakubahatisha. Alikuwa anajua yote. Anajua mpango, anajua mtu aliyeazimwa, anajua hata kazi yake. Amekuja Tukuyu anajua, na amekaa kwenye benchi lile anasikiliza jina lake likitumiwa ndani kama jembe la kukodi.

Kwa nini asiseme? Tusekile alingoja aseme. Karibu amwombe aseme, yeye apelekwe huko gerezani, yaishe.

Ambrose aliigeuza picha ya pasipoti, akaisukuma kwenye upande wa mzee. "Na huyu?"

Msomaji, fikiria kidogo. Kama mkamwana hajawahi kumwona mkwewe, mkwe naye amemwona lini mkamwana? Ameuona mgongo. Ameiona kanga ikipotea kwenye migomba. Uso hajauona. Na sasa serikali inamwekea uso huo mezani na kumwamuru autazame.

Aliutazama. Aliutazama muda mrefu hata karani akapenga kamasi na kurudisha leso mfukoni.

"Ni mke wa Raphaeli," alisema taratibu. "Vyungu vyake havipasuki motoni. Nimekula humo miaka yote."

"Umekula kwa jirani?"

"Ujirani wetu ni wa namna hiyo, bwana."

"Na huyu mzee ana watoto wangapi?"

"Alikuwa na mmoja. Raphaeli huyo."

Kalamu ikasimama. "Alikuwa?"

"Anaye," alisema Ambilikile. "Anaye, bwana. Kiswahili changu ni cha shambani."

"Inua mkono wa kulia. Unaapa kwa Mungu kwamba umesema kweli?"

Aliuinua. Koti zito likavutika, kifungo kimoja kikaachia, na Anyitike aliyekuwa mlangoni akaona kitu kiunoni mwa mzee. Uso wa tarishi ukabadilika ghafla. Akavua kofia yake polepole na kuishika mkononi. Tusekile hakuona chochote, maana alikuwa bado anatazama kidau cha wino.

"Naapa."

"Na wewe mwenyewe, mzee, una watoto? Ni swali tu, wala siandiki."

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu.

"Mimi sina," alisema Ambilikile. "Sina mtoto."

Mwanamke yule karibu apige kelele. Kule kwao baba hachezi na maneno ya namna hiyo. Mzazi akinung'unika moyoni, mtoto anaugua, hata kama yuko ng'ambo. Na huyu amesema mbele ya serikali, mkono juu, kwamba hana mtoto, huku mtoto mwenyewe yuko kitandani kwa kifua. Na ni nani aliyemfikisha mahali pa kusema hivyo? Si Mikidadi. Si Asajile. Ni yeye, kwa miguu yake na ulimi wake. Raphaeli akizidiwa leo, kosa ni lake. Akijikunja kwa kikohozi kule kambini, ni yeye aliyemkunja.

Muhuri ukaanguka, pwaa.

"Haya," alisema Ambrose. "Maombi yanakwenda Dar es Salaam. Pasipoti ikirudi utaitwa. Wewe mzee jirani, usiende mbali, kuna mahali pa kutia dole gumba, nakuja."

Asajile alitoka mbio. Alipofika kwenye lori la Ipinda alikuwa tayari ni mtu mwingine, anachekesha utingo, anakula ndizi, anasimulia jinsi alivyowashinda Wazungu kwa akili. Tusekile hakumfuata. Alizunguka nyuma ya boma, kwenye ua wa michongoma, akaegemea ukuta.

Kikohozi.

Safari hii hakuna tarishi. Akajifunika kanga mpaka usoni, akageukia ukuta, akapiga magoti kwenye majani yenye maji ya mvua. Alisikia hatua zikija, zikasimama mbali kidogo, kama ilivyo adabu.

"Ugonile, mkamwana," mzee alimsalimu.

Hawakuwa wamewahi kusemeshana bila mtu katikati.

"Nisamehe, Tata," alisema kwenye ukuta. "Nimekuuza. Nimeliuza jina lako kwa mlevi, na leo nimesimama mbele yako kichwa wazi. Kanishtaki. Mimi mwenyewe nitasema kweli."

"Nitakushtakije? Nimekwisha kuapa."

"Ulijuaje?"

"Nilipita dukani kwa Mikidadi kuuliza lori. Aliponiona jinsi nilivyo, hakuweza kunificha. Alilia, yule Mswahili. Akaniambia yote, akanilipia na nauli."

Maneno yale, jinsi nilivyo, yalimpita Tusekile juu ya kichwa. Alikuwa ameshughulika na aibu yake. Hivyo ndivyo tulivyo, mtu mwenye hatia hasikii vizuri.

"Kwa nini hukusema kweli mle ndani?" aliuliza. "Mimi ningestahili."

Kwenye paa la boma maji yalikuwa yanadondoka.

"Ulipoomba ruhusa kwangu," alisema hatimaye, "nilikunyima. Nilisema wewe ni kamba yangu. Mtu hafungi mtu kamba, Tusekile. Nilifanya vibaya. Kama ningekubali siku ile, ungekuwa umekwisha kufika. Leo nimekupa kile nilichokunyima. Imebidi nipite kwenye uongo wako kwa sababu mlango wa kweli niliufunga mimi mwenyewe."

Alikuwa amemtaja kwa jina. Tusekile alianza kulia, na kilio kile kilikuwa na furaha ndani yake, maskini wa watu. Alidhani amesamehewa. Alidhani habari inaishia hapo, kwamba atapewa kijitabu chake, atapanda lori, atafika na chungu cha uji mbele ya kitanda cha Raphaeli.

"Ndaga fijo, Tata," alishukuru. "Ndaga fijo. Nitakwenda, nitamuuguza, nitamrudisha. Naapa nitamrudisha kwako."

Nyuma yake hakukuwa na jibu.

"Nitamkuta anaendelea vizuri, Tata? Kuna mtu amekuja kutoka huko?"

"Amekuja mmoja," alisema mzee. "Jana. Ulipokuwa umekwisha kuondoka."

"Anasemaje?"

"Geuka kwanza."

Tusekile alidhani hakusikia.

"Geuka, mwanangu. Unitazame."

"Siwezi, Tata. Unajua siwezi."

"Unaweza. Mimi si mkweo tena. Nimeapa mbele ya serikali kuwa mimi ni Asajile mfukuza ndege, sina mtoto, sina mkamwana. Hakuna mwiko kati yako na mfukuza ndege. Na neno nililokujia nalo haliwezi kusemwa kwa mgongo."

Kanga ikaanza kuteleza. Hakuivuta, hakuishika. Akasimama, akageuka nusu, akasita, akageuka yote.

Macho yake yalianza na uso.

Alikuwa Raphaeli. Pua ileile, kovu tu la mumewe lilikosekana, nyusi zilezile zinazokutana. Raphaeli aliyezeeka, mwenye mvi kidevuni. Tangu mumewe aondoke hakuwa ameuona uso ule, na kumbe muda wote ulikuwa unapita kwenye kona ya njia, unakohoa ili yeye asiuone.

Halafu macho yakashuka.

Koti la jeshi lilikuwa limeachia. Kiunoni, juu ya nguo, mzee alikuwa amejifunga ganda kavu la mgomba, limekazwa fundo mbele. Hakuna mtoto wa kule kwao asiyejua kitu kile. Hufungwa msibani, na hafungi jirani wala mpita njia.

"Tata," alisema Tusekile. "Tata, ni nani?"

Mzee alifungua mdomo. Na hapohapo viatu vikalia kwenye changarawe.

Karani Ambrose alikuja akizunguka kona ya boma, karatasi mkononi na kibweta cha wino, Anyitike nyuma yake ameishika kofia yake kifuani. Karani aliwakuta mkamwana na mzee wanatazamana uso kwa uso, akatabasamu, akamgeukia tarishi.

"Umeona? Huyu ndiye jirani, na huyu anamtazama bila shida. Mashaka yako yamekwisha sasa?"

"Yamekwisha, bwana," alisema Anyitike, lakini macho yake hayakuwa kwa Tusekile.

"Mzee, lete dole gumba."

Ambilikile akatoa mkono. Karani akakibonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, chini ya jina la mtu mwingine. Tarishi akasogea hatua moja.

"Ugonile, Tata," alisema kwa upole. "Nimeuona huo mgomba kiunoni ulipokuwa unaapa. Ningekupa pole mle ndani, lakini ilikuwa kazi. Umefiwa na nani?"

Ambilikile alikitazama kidole chake cheusi.

"Na mwanangu," alisema.

Karani akainua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Mwanao? Si umesema huna mtoto?"

"Nimesema sina, bwana. Na kweli sina. Nilikuwa naye wa pekee. Amezikwa huko mbali, habari imefika jana."

Ndivyo Tusekile alivyojua kuwa yeye ni mjane.

Hakuna aliyemwambia. Aliisikia habari ikisemwa kwa mtu mwingine, juu ya wino, na baba aliyekuwa bado anamficha mwanawe ndani ya uongo ili yeye, mkamwana, asiende gerezani. Kilio kikapanda kutoka tumboni. Kule ziwani mwanamke akifiwa na mume halii kimoyomoyo. Anajitupa chini, analiita jina, anaita mpaka vijiji vya pili vinaamka na kuja. Jina lilikuwa limefika mdomoni. Raphaeli. Alitamke, na mzee aliyeapa uongo kwa ajili yake ataingia lango lile linaloonekana dirishani, na mgomba wa msiba ukiwa kiunoni mwake. Alimeze, na atakuwa mke wa kwanza Ipyana kumnyima mumewe kilio.

Mzee alimtazama. Hakumkataza. Alingoja tu.

Tusekile alisokomeza kanga mdomoni, akaing'ata mpaka fizi zikauma. Sauti haikutoka. Lakini mwili una mambo yake. Machozi yalimwagika, akakaa chini kwenye majani mabichi na mabega yakaanza kutikisika.

"Pole, mzee, pole sana," alisema Ambrose, akivua miwani yake. Kisha akaivaa tena. Alimtazama mwanamke aliyekaa chini, akamtazama mzee, akatazama lile lori barabarani, ambako baba wa Raphaeli, yule aliyeandikwa kwenye karatasi, alikuwa amemaliza ndizi na sasa anaimba.

Akakunja karatasi, akainama mbele ya Tusekile.

"Mama," aliuliza, "wewe unamlilia mtoto wa nani?"